Hewa Ikibanwa



Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho kila mmoja wenu anacho, wala hakukinunua. Kimemzunguka pande zote, wala hakioni. Kitu hicho ni hewa. Sitasema habari zake zote, maana haziishi kwa jioni moja. Nitasema jambo moja tu. Hewa ikifungwa ndani ya chombo, kisha nafasi yake ikapunguzwa, hewa ile husukuma kwa nguvu zaidi. Na nguvu hiyo haiongezeki ovyo, bali huongezeka kwa hesabu ijulikanayo. Mwenye kuijua hesabu hiyo aweza kumwokoa mgonjwa. Asiyeijua aweza kumpoteza, ijapokuwa hakukusudia ubaya wo wote. Habari ya mgonjwa nitaifikia. Kwanza twende mtaani.

Katika mji wa Dar es Salaam, karibu na bustani za Mnazi Mmoja, upande wa pili ukitoka Kariakoo, pana sehemu iitwayo Mchafukoge. Jina lake likitamkwa pole pole lasikika kama amri ya mama kwa mtoto wake: mchafu, koge! Ni mahali pa maduka mengi na watu wengi. Wachukuzi hupita na mizigo kichwani, mikokoteni husukumwa, na zile baiskeli za magurudumu matatu ziitwazo maguta hupita zimejaa marobota ya nguo na magunia ya mchele hata mwendeshaji haonekani. Basi, penye magurudumu hapakosi misumari, na penye misumari hapakosi fundi wa pancha.

Siku moja nilisimama kivulini kwa fundi mmoja wa sehemu hizo, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, anayefanya kazi yake pembeni mwa njia. Akaja kijana mwenye sare ya shule, akisukuma baiskeli yenye tairi bapa.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Pancha?”

“Nadhani ni upepo tu umeisha. Naomba bomba nijaze mwenyewe.”

Fundi akampa bomba, nami nikatazama. Mara za kwanza yule kijana alisukuma kama mtu achezaye. Baada ya kitambo mikono ikaanza kumtetemeka, na jasho likamtoka. Akasimama akasema, “Fundi, bomba lako limeharibika. Mwanzo lilikuwa jepesi, na sasa limekuwa zito.”

Mzee akacheka. “Bomba ni lile lile, mwanangu. Upepo uliomo umebanwa, nao hautaki kubanwa zaidi.”

Kijana akaliinamia bomba alitazame, akaligusa chini karibu na mpira, mara akauondoa mkono. “Mbona lina moto?”

“Hilo,” akasema mzee, “kawaulize walimu wako.”

Haya ni maswali mawili mazuri, nami niliyachukua mpaka nyumbani. Kwa nini bomba huwa zito? Na kwa nini hupata moto? Tukiyajibu yote mawili sawasawa, tutakuwa tumejua jambo kubwa.

Lazima tuanze kwa kukubali ya kwamba hewa ni kitu hasa. Watu wengi husema chupa ni tupu, kumbe imejaa hewa. Hewa ina uzito. Pima chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3: hewa iliyomo ndani yake, hapa kwetu pwani, ina uzito wa kilo 57 hivi, nao wapita uzito wa mfuko mmoja wa saruji. Tena hewa yote iliyo juu yetu mpaka mwisho wake hulemea chini. Ulemeo huo, mahali palipo sawa na bahari kama Dar es Salaam, ni karibu kilo 1 juu ya kila sentimita ya mraba. Au kwa kipimo ambacho mafundi wa matairi bado wanakitumia, ni karibu ratili 15 juu ya kila inchi ya mraba. Hatuusikii kwa sababu hewa na maji yaliyomo miilini mwetu husukuma nje kwa nguvu hiyo hiyo.

Katika vitabu vya shule vya siku hizi msukumo huu, ukihesabiwa juu ya eneo moja, huitwa kanieneo, na nafasi iliyojazwa na hewa huitwa ujazo. Mimi nitasema msukumo na nafasi, maana ni maneno mepesi masikioni. Lakini wanafunzi wakumbuke yale mengine siku ya mtihani.

Sasa na tupime. Nunueni dukani bomba la sindano lililo jipya, la mililita 20, bila ile sindano yenyewe ya chuma. Nasema jipya, tena nasema nunueni: mtu asiokote jalalani, maana lililokwisha kutumika laweza kuwa na maradhi. Vuteni ule mchi wa ndani, ambao mafundi huuita pistoni, mpaka ufike kwenye alama ya 20. Kisha zibeni ncha ya bomba kwa gundi kali, hewa isitoke wala isiingie. Subirini gundi ikauke vema. Baada ya hayo simamisheni bomba wima, mwenzenu mmoja akilishika, na juu ya mchi wekeni kibao kidogo. Juu ya kibao wekeni pakiti za sukari za kilo moja moja.

Mchi wa bomba la namna hii una eneo la karibu sentimita 3 za mraba. Kwa hiyo hewa ya nje peke yake yaulemea kama kilo 3. Mkiongeza pakiti tatu, ulemeo wote huwa mara mbili. Tazameni alama: hewa iliyokuwa mililita 20 imekuwa kama 10. Wekeni pakiti sita, na ulemeo ni mara tatu. Hewa itabaki kama mililita 6 na theluthi mbili. Wekeni tisa, na ulemeo ni mara nne. Hewa itabaki kama 5. Ondoeni sukari yote, na mchi utarudi juu wenyewe, kana kwamba ndani mna kamani ya saa.

Nimesema “kama” kwa kusudi. Mpira wa mchi hukwaruza ukuta wa bomba, na kwa ajili hiyo namba zenu hazitakuwa kamili. Dawa yake ni kusoma alama mara mbili, mara moja mchi ukishuka na mara moja ukipanda, kisha kutwaa kati yake. Mwanafunzi asiandike namba aliyoitaka; aandike namba aliyoiona.

Basi kanuni ndiyo hii. Nafasi ya hewa ikiwa nusu, msukumo huwa mara mbili. Nafasi ikiwa theluthi, msukumo huwa mara tatu. Nafasi ikiwa robo, msukumo huwa mara nne. Na ukizidisha msukumo kwa nafasi, jibu ni moja daima: 1 mara 20 ni 20, 2 mara 10 ni 20, 4 mara 5 ni 20. Lakini kanuni hii ina masharti mawili. Sharti la kwanza, hewa iliyofungwa isiongezwe wala isipunguzwe. Sharti la pili, joto lake lisibadilike. Lishikeni sana hilo la pili, tutarudi kwake.

Aliyeichapisha hesabu hii kwanza ni Robert Boyle, aliyezaliwa huko Lismore katika nchi ya Ireland mwaka 1627. Mwaka 1660 Boyle alitoa kitabu juu ya nguvu ya hewa ya kurudi kama kamani, akisaidiwa katika majaribio yake na fundi hodari sana, Robert Hooke. Akatokea mwanachuoni mmoja, Franciscus Linus, akampinga. Linus alisema ya kuwa hewa haina nguvu nyingi hivyo; zebaki ikisimama juu ndani ya mrija wa kioo, alisema, yashikwa na uzi usioonekana. Boyle aliona ya kwamba jibu lililo bora ni kupima.

Akatwaa mrija mrefu wa kioo uliopindwa chini kama ndoana. Upande mfupi ulizibwa juu, na upande mrefu uliachwa wazi. Mrija ulikuwa mrefu mno, haukuweza kutumiwa vema chumbani, hata wakautumia ngazini. Wakamimina zebaki katika upande mrefu, nayo ikaibana hewa iliyofungwa katika upande mfupi. Hewa ilipokuwa na urefu wa inchi 12, msukumo wake ulikuwa sawa na zebaki ya kimo cha inchi 29 na kidogo. Hewa ilipobanwa ikawa inchi 6, msukumo ulikuwa inchi 58 na zaidi ya robo tatu. Ilipobanwa ikawa inchi 3, msukumo ulikuwa inchi 117 na nusu. Zidisheni wenyewe: jibu la kwanza ni karibu 350, na la pili na la tatu ni karibu 353. Tofauti ni ndogo sana kwa kazi iliyofanywa kwa mikono na macho. Boyle aliyachapisha hayo mwaka 1662, akataja waziwazi ya kuwa wazo la hesabu yenyewe alilisikia kwa Richard Towneley. Baadaye Mfaransa mmoja, Edme Mariotte, aliichapisha kanuni ile ile. Na kwa sababu hiyo jirani zetu wa Kongo, waliosoma kwa Kifaransa, huitaja kwa majina yote mawili.

Mtu ataniuliza, “Kwa nini iwe hivyo?” Sababu yake ni nyepesi kuliko mnavyodhani. Hewa ni chembe ndogo sana, zisizohesabika, zirukazo huku na huku kwa mbio kubwa na kugonga kuta za chombo pasipo kupumzika. Kugonga huko ndiko msukumo. Wazieni nyuki waliofungwa ndani ya sanduku, wakiruka na kujigonga ukutani. Mkiusogeza ukuta mmoja sanduku likawa nusu, na nyuki ni wale wale, na mbio zao ni zile zile, kila sehemu ya ukuta itagongwa mara mbili zaidi. Daniel Bernoulli aliyaeleza mambo kwa namna hii mwaka 1738. Na joto ni nini? Joto ni mbio za chembe hizo. Mbio zikizidi, kugonga huzidi, hata kama sanduku halikusogezwa. Ndiyo maana tulitia sharti la pili.

Sasa twaweza kumjibu yule kijana wa Mchafukoge. Tuseme bomba lake lina urefu wa ndani wa sentimita 45. Tairi likiwa bapa, hewa iliyomo ina msukumo sawa na wa nje, na hewa ya bomba huanza kuingia mara tu mchi unaposhuka. Lakini tuseme tairi limekwisha kujazwa hata kipimo cha fundi chasoma 30. Hapa pana mtego. Kipimo cha fundi huanza kuhesabu pale hewa ya nje inapoishia. Kikisoma sifuri, ndani mna ratili 15 bado. Kikisoma 30, msukumo wa kweli ni 45, yaani mara tatu ya hewa ya nje.

Hewa ya bomba haiwezi kuingia ndani ya tairi hilo mpaka nayo ipate msukumo mara tatu. Na ili ipate mara tatu, sharti ibanwe iwe theluthi. Theluthi ya 45 ni 15. Kwa hiyo, akisukuma pole pole, kijana atasukuma sentimita 30 za kwanza na haitaingia hewa hata kidogo. Kazi yote ni kubana tu. Hewa itaingia katika zile sentimita 15 za mwisho, na hapo mkono unalemewa kuliko mwanzo. Bomba lilikuwa zima kabisa. Mzee alisema kweli, ila hakutaja namba.

Na ule moto? Mtu akisukuma mbio, kazi ya mikono yake huingia katika hewa na kuzidisha mbio za chembe zake, na joto halipati nafasi ya kutoka. Hewa hupata moto, nayo hulitia moto bomba. Wakati huo sharti letu la pili limevunjika, na hewa husukuma kwa nguvu kupita hesabu ya Boyle. Ikiachwa ikapoa, hurudi katika hesabu. Kwa ajili hiyo madereva wenye busara hupima matairi asubuhi, gari likiwa halijaenda, si mchana baada ya safari katika jua kali. Maana kipimo cha mchana hujumlisha hewa na joto pamoja, na mtu hudanganyika.

Wasikilizaji wangu, mpaka hapa mtu aweza kusema, “Haya ni mambo ya matairi, mimi sina baiskeli.” Basi sasa naifikia ile habari ya mgonjwa.

Mmeiona mitungi mirefu ya chuma hospitalini, iliyo na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa tuipumuayo iliyo uhai wetu. Mtoto mwenye homa kali ya mapafu, mama aliyeshindwa kupumua baada ya kujifungua, mtu mzima ambaye mapafu yake yameingiwa na maradhi, wote hawa hupewa oksijeni. Wakati wa ule ugonjwa wa korona, mwaka 2020 na 2021, dunia nzima ilijifunza thamani ya mitungi hii.

Ubaya wake ni kwamba mtungi uliojaa na mtungi unaokaribia kuisha hufanana. Chuma hakinenepi wala hakikondi. Uzito nao hautoi habari upesi: lita 1,200 za oksijeni hazifiki kilo 2, na mtungi wenyewe ni mzito mara nyingi kuliko hizo. Jicho halioni, na mkono hausikii. Kitu kimoja tu husema kweli, nacho ni kipimo cha msukumo kilicho juu yake.

Tuseme nafasi ya ndani ya mtungi ni lita 10. Kipimo chasoma 120, na kila moja katika hizo 120 ni karibu sawa na msukumo wa hewa ya nje. Kwa kanuni ya Boyle, oksijeni itakayotoka na kuenea nje ni 10 mara 120, yaani lita 1,200. Mganga ameagiza mgonjwa apewe lita 5 kila dakika. Gawanyeni 1,200 kwa 5: ni dakika 240, yaani saa nne. Kipimo kikishuka kikasoma 60, zimebaki saa mbili. Kikisoma 30, imebaki saa moja.

Sasa tuseme mgonjwa yuko katika zahanati ng'ambo ya Kigamboni, naye atakiwa kupelekwa hospitali kubwa mjini. Safari pamoja na foleni ni saa moja na nusu. Jamaa wana haraka, wote wasema, “Twendeni, mtungi upo!” Muuguzi atazama kipimo: 30. Ahesabu moyoni: 10 mara 30 ni 300, 300 kwa 5 ni dakika 60. Oksijeni itaisha njiani, na zitabaki dakika 30 mgonjwa hana kitu. Muuguzi huyo asema, “Ngojeni, tuchukue mtungi wa pili.” Amechelewesha safari kwa dakika tano, na pengine ameokoa roho ya mtu. Hesabu yenyewe yawezwa na mtoto ajuaye kuzidisha na kugawanya. Lakini ni lazima ifanywe kabla gari halijaondoka, tena mtu aache na akiba, kwa kuwa njia haziaminiki.

Na kwa kuwa tunautaja mtungi huo, sikilizeni onyo: moto usikaribie oksijeni, wala kichwa cha mtungi kisipakwe mafuta ya namna yo yote. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huchochea vitu vingine kuwaka kwa ukali mwingi.

Yafaa sasa niwaambie kanuni hii inaishia wapi, maana mtu akiitumia mahali pasipo pake itampotosha. Mtungi wa gesi ya kupikia hauingii katika hesabu hii. Ndani yake gesi imebanwa hata imekuwa maji maji, na msukumo hubaki karibu ule ule, mtungi ukiwa umejaa au ukiwa na robo tu, maadamu joto ni lile lile na maji maji yale hayajaisha. Kipimo cha msukumo hakitakuambia chakula cha kesho kitaiva au hakitaiva. Mtungi wa jikoni hupimwa kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya chuma chenyewe. Toa huo katika uzito wote, na baki ndiyo gesi uliyonayo. Ukinunua mtungi wa kilo 6, unayo haki ya kuziona kilo 6.

Tena ipo gesi asilia, iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na kuanza kuletwa Dar es Salaam kwa bomba la chini mwaka 2004. Siku hizi baadhi ya magari na bajaji za mji huo hutembea kwa gesi hiyo, ikiwa imeshindiliwa ndani ya mitungi imara kwa msukumo wa karibu mara 200 ya hewa ya nje. Mtungi wa lita 60 kwa hesabu ya Boyle ungetoa lita 12,000. Kwa kweli hutoa zaidi kidogo, maana chembe za gesi zikisongamana kiasi hicho huanza kuvutana, na kanuni huanza kupinda. Lakini neno kubwa la kukumbuka ni hili: mtungi ulioshika msukumo wa mara 200 si chombo cha kuchomelewa na fundi wa mitaani, wala cha kupigwa nyundo, wala cha kubadilishwa kwa kingine cha bei rahisi. Ukipasuka, gesi yote hutaka kurudi katika nafasi yake kwa kufumba na kufumbua, na hapana mwili wa mtu uwezao kuizuia.

Nimebakiza habari moja, nayo ni ya watu wa bahari. Ukishuka katika bahari mita 10, maji hukulemea sawa na hewa yote iliyo juu ya dunia. Kwa hiyo ulemeo wote ni mara mbili. Kwenye mita 20 ni mara tatu. Wazee wa pwani yetu wanaotafuta pweza, na wale waliozamia lulu katika Ghuba ya Uajemi, wengi wao wakiwa ni watu waliotolewa pwani hizi utumwani, walishuka na pumzi waliyoivuta juu. Mwenye lita 6 za hewa kifuani, afikapo mita 10 hewa ile ni lita 3; afikapo mita 20 ni lita 2. Apandapo hurudi kuwa lita 6, wala haizidi. Kifua chake hubanwa, lakini apandapo hakipasuliwi.

Siku hizi watu wengine huzamia Unguja na Mafia wakiwa na mitungi ya hewa migongoni, na hali yao ni nyingine kabisa. Mtungi humpa mtu hewa yenye msukumo sawa na wa maji aliyomo. Kwenye mita 10 akijaza kifua lita 6, kisha akaogopa kitu, akaziba pumzi na kupanda juu kwa haraka, hewa ile hutaka kuwa lita 12. Kifua hakina nafasi hiyo, na mapafu hupasuka. Kwa hiyo wafunzi wote wa uzamiaji huanza na amri moja: mwenye mtungi asizibe pumzi kamwe. Amri hiyo ni kanuni ya Boyle, imegeuzwa ikawa maneno machache ya kuokoa maisha.

Wanafunzi, nawaachia hesabu moja mkaifanye kesho darasani. Mtungi wa oksijeni una nafasi ya lita 5, kipimo chasoma 100, na mtoto mgonjwa anapewa lita 2 kila dakika. Oksijeni itadumu muda gani? Na kama safari ni ya saa tatu, je, mtaondoka au mtangoja? Mwambieni mwalimu jibu pamoja na sababu yake.

Nami nilirudi Mchafukoge baada ya siku chache, nikamweleza yule mzee habari za sentimita 30 na sentimita 15. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa juu ya bomba. Kisha akasema, “Kumbe kijana alifanya kazi kubwa kuliko aliyoiona. Akija tena nitamwambia.” Akachukua kipande cha chokaa, akapiga alama ubavuni mwa bomba, theluthi moja kutoka chini.